Kupishana si kupatana

Mhariri,

Barua za hivi karibuni kuhusu Marekani na China zimeshikilia jambo moja: itikadi zao ni maji na mafuta, kwa hivyo vita haviepukiki. Mbona basi Machi 1969 Wasovieti na Wachina, wakomunisti wote, waliuana kwenye kisiwa cha Mto Ussuri? India na China nazo zilitia saini kanuni tano za kuishi pamoja kwa amani Aprili 1954, na mwaka 1962 zikapigana milimani.

Oktoba 1962, barua ya Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, kwa Rais Kennedy wa Marekani ilichukua karibu saa 12 kupokewa na kufasiriwa, huku makombora ya Kisovieti yakiwa Cuba. Ndipo mwaka 1963 ikawekwa laini ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow. Wengi hudhani ilikuwa simu nyekundu. La, ilikuwa teleprinta, mashine ya kupeleka maandishi, na kwa makusudi: sauti hufasiriwa papo hapo, mkalimani akiteleza neno limeshatoka. Kila upande uliandika kwa lugha yake, mwenziwe akafasiri kwa utulivu. Laini ilijaribiwa kila saa, usiku na mchana, hata pasipo la kusema, maana isiyojaribiwa hukutwa imekufa siku ya haja.

Ya baharini watu wa Pwani watayaelewa upesi. Mei 1967 manowari ya Marekani, Walker, iligongana na meli za Kisovieti mara mbili ndani ya siku mbili katika Bahari ya Japani. Mei 1972 ukatiwa saini Moscow mkataba wa nchi hizo mbili kuhusu mwenendo wa vyombo vyao baharini, usiotaja ubepari wala ukomunisti. Usimwelekezee mwenzio mizinga wala makombora kama unayemshambulia. Usimulike chumba chake cha usukani kwa kurunzi. Usivuruge msafara wake. Nyambizi zikifanya mazoezi karibu, pandisha ishara. Jambo litakalohatarisha vyombo, litangaze siku 3 hadi 5 kabla. Umbali wa mita haukuandikwa, na hilo lilileta ubishi. Lakini maofisa wa majini walipaswa kukutana kila mwaka kupitia utekelezaji, na kwa maoni yangu kikao hicho kilifaa kuliko vifungu vyote.

Feri ya Likoni haiulizi meli ya makontena inafuata itikadi gani. Huisubiri ipite, kisha ikavuka.

Kati ya Marekani na China zipo kanuni za mwaka 2014 za vyombo kukutana baharini, zilizokubaliwa Qingdao na majeshi ya majini ya nchi nyingi, ila hazifungi mtu kisheria. Septemba 2018 manowari ya China ilipita mbele ya omo ya Decatur, manowari ya Marekani, kwa mita 41 hivi. Decatur ina urefu wa zaidi ya mita 150. Chombo cha namna hiyo kikiwa mwendoni hakisimami ndani ya mita 41, hata injini zirudishwe nyuma kwa nguvu zote.

Kwa hivyo wanaotaka kujua hatari iko wapi waache kuhesabu hotuba, watazame mawasiliano ya makamanda. Agosti 2022, baada ya Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, kuzuru Taiwan, China iliyasitisha. Hayakurejea hadi viongozi wao walipokutana Novemba 2023. Katikati hapo, Februari 2023, Marekani ilitungua puto la China. Waziri wake wa ulinzi akaomba kuzungumza na mwenzake wa Beijing kwa simu. China ilikataa.

Msomaji,
Ganjoni, Mombasa