Wanaotutisha ili wapate pesa, mbona hawaguswi?

Mhariri,

Nimesoma ile barua mliyochapisha juzi ya msomaji aliyesema mashoga na wasagaji wa nchi hii hawana shida yoyote ya kweli, wanapiga kelele tu juu ya hela za wazungu. Kidogo niiache ipite manake tumezoea, lakini hapo pa "hawana shida" ndo nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni mmoja wao, naishi hapahapa Mombasa. Na hizo hela anazozisema, Marekani ilisimamisha misaada yake Januari 2025, kliniki kadhaa ambazo vijana wetu walikuwa wanachukulia dawa na kupimwa bila kutukanwa zikafungwa, alafu ikawaje? Tumehama? Tuko palepale. Tunachangishana kwa chama chetu, mtu akitolewa nyumba analala kwa mwenzake mpaka apate pengine, na akifa ambaye kwao walimkataa ni sisi tunaohangaika na mambo ya mazishi.

Sasa shida ninayotaka kuisema si ndoa wala bendera, ni wizi. Ndio, wizi kabisa, na watu hawauongelei kwa sababu anayeibiwa hawezi kufungua mdomo.

Inaendaga hivi. Kijana anaongea na mtu kwenye apu ama Facebook, picha nzuri, maneno matamu, wiki moja mbili wanapiga stori mpaka wanahamia WhatsApp, mwishowe anaalikwa mahali, chumba cha kukodi hivi kwa mtaa asioujua vizuri. Hajamaliza hata kukaa mlango unafunguliwa wanaingia wanaume watatu wanne, mmoja anasema yeye polisi, mwingine anasema yeye ni wa Nyumba Kumi, wale wa ulinzi wa mtaa, na yule mwenyeji aliyemwalika saa hizo ashageuka anacheka nao. Wanamvua nguo, wanampiga picha, wanachukua simu, anasema PIN ya M-Pesa atake asitake, pesa zote zinatumwa na zikiisha wanamkopea hukohuko kwenye simu. Alafu wanafungua majina ya watu wake wanamuonyesha namba ya mamake. Hapo atatoa chochote.

Na haiishii siku hiyo. Mtu akishalipa mara moja amekuwa shamba, wanarudi kuvuna kila mwisho wa mwezi. Namjua mmoja alilipa mpaka akaacha kazi akahama mji, na bado meseji zilimfuata huko alikohamia.

Msomaji wenu atauliza kwani si waende polisi. Haya, nenda. Unafika kaunta, unasema umeibiwa, swali la kwanza "ulienda kufanya nini nyumbani kwa mwanaume mwenzio usiku?" na ukishababaika kidogo tu kujibu, wewe ndo mshukiwa. Wapo maafisa wazuri, siwezi kudanganya, wapo wanaoandika OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, bila maneno mengi. Lakini wapo pia wanaogawana na haohao wezi, na mtaani hilo si siri.

Yote haya yanasimama juu ya vifungu viwili vya Kanuni ya Adhabu vinavyotumika kuadhibu ngono ya wanaume wao kwa wao, cha 162 ambacho kina kifungo cha mpaka miaka 14 na cha 165 chenye miaka 5, sheria aliyotuachia Mwingereza tangu 1930. Mwizi hahitaji kabisa kuwa na ushahidi, anahitaji tu wewe ujue hivyo vifungu vipo. Watu walienda Mahakama Kuu kuomba viondolewe, tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wakakataa, na vipo hadi leo. Lakini kuna kitu wengi hawakijui, hata wenzangu: kitabu hichohicho cha sheria, kifungu cha 300, kinasema mtu akikutisha kwamba atakushtaki kwa kosa fulani ili apate mali kwako, yeye mwenyewe ametenda kosa la jinai. Soma vizuri hapo. Hakisemi lazima uwe msafi ndo ulindwe, kosa ni kule kutisha ili upate pesa. Na sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 inakataza kusambaza picha za utupu za mtu. Kwa hiyo vifaa vya kuwakamata hawa watu vipo mezani, ni vile tu hakuna anayevishika.

Kwa wenzangu mnaosoma hii: ripoti wizi kama wizi. Umeibiwa simu, umepigwa, umelazimishwa kutuma pesa, basi, huna haja ya kumweleza mtu wa kaunta ulilala na nani. Usifute zile meseji za M-Pesa manake jina na namba ya aliyepokea ziko pale. Usiende peke yako, nenda na paralego, yaani msaidizi wa mambo ya sheria, ama wakili, na usitoke bila namba ya OB. Na wakijaribu kukupeleka hospitali eti ukapimwe sehemu za nyuma, Mahakama ya Rufaa ilikaa hapahapa Mombasa Machi 2018 ikasema vipimo vya kulazimishwa vya namna hiyo ni kinyume cha katiba, ni ile kesi ya wale wanaume wawili waliokamatwa Kwale 2015. Kataa, taja hiyo kesi.

Wanawake wenzetu wasagaji shida yao imekaa kivingine. Kifungu cha 165 kinataja wanaume tu, lakini landlodi hasomi vifungu. Anasikia minong'ono anabadilisha kufuli. Na wengine wanaharakishwa kuolewa, familia inakaa kikao bila yeye kuwepo.

Tena kuna hii fujo iliyotokea baada ya Februari 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba lile shirika la kutetea haki zetu lililonyimwa usajili tangu 2013 haliwezi kukataliwa kwa sababu tu jina lake lina maneno mashoga na wasagaji. Ilikuwa kesi ya kusajili shirika, mambo ya kifungu cha 36 cha katiba, haki ya watu kuunda chama chao na kujiunga nacho. Kesho yake nchi nzima inaimba eti ushoga umehalalishwa, wanasiasa wakapata la kusema, na vitisho mtaani vikazidi. Mbunge mmoja akaomba mahakama irudie uamuzi, Septemba hiyohiyo akakataliwa. Sisi tulibaki na jina kwenye makaratasi na mlango wa nyumba umefungwa, sijui nicheke.

Mimi siombi msomaji wenu anipende. Dini yake ni yake na mimi nina yangu, naswali kama yeye. Lakini wale wanaume watatu wanne wa kwenye chumba wakimaliza na sisi watahamia kwa nani? Na washahama, bana, hiyo mbinu ya kuvamia mtu chumbani na kumpiga picha wanaifanya pia kwa wanaume wenye wake wakiwa na mwanamke wa nje, ila yule anaweza kwenda kuripoti na mimi siwezi.

Mhariri, kuna jambo mnaweza kulifanya nyinyi wenyewe bila kungoja bunge wala mahakama. Mtu akikamatwa kwa tuhuma za namna hii msiweke picha ya uso wake wala mtaa anaokaa, kesi haijasikizwa bado. Ile picha ndiyo wezi wanaikata na kuihifadhi, alafu wanaitumia kwake na kwa marafiki zake aliopiga nao picha. Na kama mna mwandishi hodari wa habari za uhalifu, mpeni hii kazi ya hivyo vyumba vya kukodi. Sisi tuko tayari kumwonyesha vilipo.

Msomaji wenu,
Mombasa
(jina naomba mlihifadhi)