Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni: Snap Tap Ipigwe Marufuku, Kibodi Ziachwe

Ndugu Mwenyekiti,

Rasimu ya kanuni za mashindano yetu ya Counter-Strike 2, gemu la kompyuta la kupigana risasi, tumeisoma yote. Kwenye kifungu cha vifaa imesema kila mchezaji aje na kibodi na kipanya chake, na kwamba vifaa vinavyompa mtu faida isiyo ya haki haviruhusiwi. Mwamuzi aliyesimama nyuma ya wachezaji kumi, mechi ikisubiri kuanza, hawezi kuamua lolote kwa sentensi hiyo. Tunaomba Snap Tap, yaani mpangilio wa kibodi unaomwachilia mchezaji kitufe kimoja pindi anapobonyeza cha upande wa pili, pamoja na kila kinachofanya kazi ileile, itajwe waziwazi na ipigwe marufuku. Na tunaomba kwa uzito uleule kwamba kibodi zenyewe zisizuiwe.

Katika gemu hili anayekimbia hapigi shabaha. Mwenye AK-47 hukimbia yuniti 215 (kipimo cha umbali ndani ya gemu) kwa sekunde, na bunduki haitulii mpaka kasi yake ishuke chini ya takriban asilimia 34 ya hiyo, yaani yuniti 73 hivi. Kitufe A humpeleka kushoto na D kulia. Akiwa anakwenda kushoto kisha akaachia A basi, msuguano peke yake utamfikisha hapo kwa kama milisekunde 200. Akiachia A na papo hapo akagusa D, breki inakuwa kali: ni milisekunde 80 hivi. Wawili wakichungulia kona moja kwa wakati mmoja, aliyesimama kwanza ndiye mara nyingi anayeua.

Kazi yote iko kwenye kupokezana kwa vidole. D ikibonyezwa A ikiwa bado iko chini, gemu linaona kushoto na kulia kwa pamoja, linavifuta vyote viwili, na mchezaji anaendelea kuteleza kama asiyefanya kitu. D ikichelewa, napo anateleza. Vidole vikipishana vibaya kwa milisekunde 30 tu, sehemu ya breki imepotea na risasi ya kwanza inaweza kwenda pembeni ya kichwa. Watu wanafanya zoezi hili miaka, na hata mabingwa hulikosea wakibanwa.

Snap Tap, iliyoletwa na Razer, watengenezaji wa kibodi, Julai 2024 na kufuatwa upesi na wenzao Wooting kwa toleo lao, inalifuta kosa hilo. Mchezaji anaikalia A moja kwa moja. Akigusa D, kibodi yenyewe inaiambia kompyuta kwamba A imeachiwa. Akitoa kidole kwenye D, kibodi inaibonyeza A upya kwa niaba yake. Hakuna kupishana wala pengo, kila mara, hata akiwa amechoka kwenye ramani ya tatu. Hapo ndipo tunaposimama: ujuzi ambao mashindano yanaupima haupaswi kufanywa na kifaa.

Wapo watakaosema tatizo ni bei, kwamba wenye pesa ndio wenye kibodi hizo. Sababu hiyo hatuitumii, maana ni dhaifu. Jambo hilohilo lilikuwa likifanywa bure kwa mistari michache ya amri kwenye faili la mipangilio ya gemu, miaka mingi kabla ya kibodi hizi, na lingebaki kuwa baya hata kama kila mtu angekuwa nalo.

Tarehe 19 Agosti 2024 Valve, wenye gemu hili, walitangaza kwamba seva zao rasmi zitamtambua anayetumia msaada wa aina hii na kumtoa kwenye mechi. Neno la kuzingatia ni seva zao rasmi. Sisi ukumbini tunawasha seva yetu wenyewe, kwa hiyo ulinzi huo tusiuhesabu. Na kwenye Street Fighter, gemu la ngumi, kanuni za mashindano ya Capcom Pro Tour za mwaka 2023 zilidai kushoto na kulia vikibonyezwa pamoja visitoe mwelekeo wowote, ili anayecheza na Guile, mpiganaji ambaye mapigo yake hutaka kushikilia nyuma kwanza kisha kubonyeza mbele, asipate njia ya mkato.

Kibodi za sumaku, zinazopima kwa sumaku kitufe kimezama kiasi gani na ambazo nyingi hubeba msaada huu, zenyewe hazina kosa. Uwezo wao wa kuhisi kitufe kinapoanza kupanda na kukihesabu kimeachiwa palepale unaharakisha kile ambacho kidole kimefanya kweli. Mchezaji bado anaweza kupishana vibaya. Ukizizuia zote, utawarudisha nyumbani watu wasio na hatia.

Ukaguzi hauhitaji mtaalamu. Mchezaji aingie kwenye seva ya mazoezi na mipangilio yake mwenyewe, aandike amri ya gemu cl_showpos 1 ili kasi ionekane kwenye skrini. Ashikilie A hadi kasi itulie, kisha abonyeze D bila kuachia A. Kibodi safi itamfanya apungue mpaka asimame, kasi isome sifuri. Akigeuka na kuanza kwenda kulia, kuna kitu kimewashwa. Arudie kwa kuanza na D, kisha kwa W na S, vitufe vya mbele na nyuma. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba linanasa kibodi na amri za ndani ya gemu kwa pamoja. Jaribio la kuandika herufi kwenye Notepad, ambalo baadhi ya waamuzi hulitegemea, haliioni amri iliyofichwa kwenye gemu.

Kuna mtego mmoja. Toleo jingine la Wooting huangalia ni kitufe kipi kimezama zaidi, na vyote viwili vikizamishwa mpaka chini linaweza kuonekana safi. Kwa hiyo mwamuzi aseme A ishikwe nusu tu, D izamishwe yote, kisha aangalie tena.

Jaribio zima halifiki dakika mbili kwa mtu. Lifanywe kabla ya kila mechi na baada ya kila mapumziko, si asubuhi mara moja, kwa sababu kibodi nyingi za aina hii huhifadhi mipangilio ndani yake na zinabadilishwa kwa vitufe viwili bila kufungua programu yoyote.

Kuhusu adhabu: msaada huu ukigunduliwa kabla ya mechi, uzimwe na mtu acheze. Ukigunduliwa katikati, timu ipoteze ramani hiyo. Akirudia, mchezaji aondolewe. Rekodi za mechi zitumike kumchagua wa kukaguliwa, zisitumike kumhukumu. Mchezaji ambaye A na D zake hazikugongana hata mara moja katika mamia ya breki anastahili kuchunguzwa, lakini vidole vizuri navyo vipo, na hatutaki kijana afukuzwe kwa sababu ya mchoro kwenye kompyuta ya mwamuzi.

Kanuni itoke kabla ya usajili kufunguliwa, ili waliozoea msaada huu wapate wiki kadhaa za kuzoesha vidole upya. Na siku yenyewe ziwepo kibodi mbili za kawaida za USB mezani kwa mwamuzi, kwa ajili ya yule ambaye kibodi yake imekataa kuuzima msaada huo na mechi yake inaanza.

Wako katika mchezo,

Wachezaji na waamuzi wa Counter-Strike 2