Daftari Lirudi: barua ya wazi kwa vijana wa chama chetu cha kuzikana

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba. Najua wapo walioniamkia kimoyomoyo siku ile ukumbini, na wapo waliopita wakitazama viatu vyao. Zote nimezipokea.

Mwaka wa tisa huu niko hapa Maryland kwa binti yangu. Kabla ya hapo nilisomesha historia Malindi mpaka vumbi la chaki likaniharibu koo, kwa hiyo nivumilieni nikiwarudisha darasani kidogo. Tangu uchaguzi wa chama mwezi uliopita simu yangu haipumui. Hawa wanasema kura zimechakachuliwa, wale wanasema mwenye daftari la michango amelikalia. Na kila upande unawaleta waasisi wa Marekani kuwa mashahidi: eti wale walikuwa waungwana, walikaa wakaelewana, sisi ndio tumekuja na ushenzi wetu wa nyumbani. Wengi wenu mmetoka juzi kwenye mtihani wa uraia, majina yao bado yako mdomoni.

Hawakuelewana, wanangu. Alexander Hamilton, waziri wa fedha, na Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje, walikaa baraza moja la mawaziri chini ya Washington, rais wa kwanza, huku wakichimbana. Hamilton alitaka benki ya taifa, na madeni ya majimbo yabebwe na serikali kuu. Jefferson aliona hapo ufalme unarudishwa kwa mlango wa uani. Kila upande ulikuwa na gazeti lake la kuutukana mwingine. Washington alipoaga mwaka 1796 aliwaonya juu ya makundi, wakamsifu, wakaendelea. Mwaka 1798, ndani ya Baraza la Wawakilishi, Matthew Lyon wa Vermont alimtemea mate usoni Roger Griswold wa Connecticut. Wiki mbili baadaye Griswold akamwendea na bakora pale pale alipoketi, naye Lyon akakimbilia kwenye meko akashika koleo la moto. Waheshimiwa hao! Mwaka huohuo ikapita sheria ya kuwafunga wanaoiandika serikali vibaya. Lyon akafungwa, na wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa humohumo gerezani.

Lakini ninalotaka mlitazame kwa karibu ni Februari ya 1801.

Katiba ilivyokuwa wakati ule, kila mjumbe wa uchaguzi, yaani aliyeteuliwa na jimbo lake kumchagua rais, alipiga kura mbili bila kusema ipi ni ya rais na ipi ni ya makamu. Chama cha Jefferson kilijipanga vizuri kupita kiasi: Jefferson 73, na mgombea mwenza wake Aaron Burr 73. Rais aliyekuwa madarakani, John Adams, akabaki na 65. Sare ikapelekwa Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja. Majimbo yalikuwa 16, kwa hiyo mshindi alihitaji tisa. Jefferson akapata nane, Burr sita, na mawili, Vermont na hii Maryland yetu, yakagawanyika katikati. Wafederali, yaani chama cha Adams na Hamilton, waliomchukia Jefferson walikuwa wamemkumbatia Burr ili kumkomoa tu.

Walipiga kura usiku kucha katika jengo la Bunge ambalo lilikuwa halijamalizika kujengwa. Joseph Nicholson, mwakilishi wa Maryland, alikuwa na homa kali. Wakambeba katika theluji, wakamlaza kwenye chumba cha pembeni, mkewe kando yake, na kila duru ilipofika wakampelekea karatasi kitandani. Angekosekana yeye, Maryland ingekwenda kwa Burr. Nje, magavana wa Pennsylvania na Virginia walikuwa wanaweka wanamgambo tayari.

Siku ya saba, tarehe 17, duru ya 36, jambo likaisha. Liliishaje? Hakuna aliyesimama akahutubia watu wakalia. Delaware ilikuwa na mwakilishi mmoja tu, James Bayard, Mfederali. Kura yake ndiyo ilikuwa kura ya jimbo zima. Akaweka karatasi tupu. South Carolina nayo tupu. Wafederali wa Vermont na Maryland wakajiweka kando, majimbo yao yakaangukia kwa Jefferson. Ikawa kumi kwa nne. Hakuna hata mmoja kati ya hawa waliolegeza aliyempigia Jefferson kura. Waliacha tu kumzuia.

Tarehe 4 Machi, siku ya Jefferson kuapishwa, Adams alipanda gari la farasi saa kumi alfajiri akaondoka. Wapo wanaomlaumu mpaka leo kwamba hakungoja kumpa mwenzake mkono. Mimi simlaumu. Alikuwa amefiwa na mwanawe Charles miezi mitatu tu nyuma, na ameshindwa na mtu aliyekuwa rafiki yake. Hakuweka askari mlangoni. Kuondoka kwa kununa nako ni kuondoka.

Msije mkasema babu anasifu kila kunyamaza. Katiba ile ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu za tano za mtu, naye hapigi kura. Hesabu hiyo iliyaongezea wajumbe majimbo ya Kusini, ngome ya Jefferson. Katika mwaka huohuo wa uchaguzi, 1800, mhunzi mmoja mtumwa wa Virginia aitwaye Gabriel alipanga kupigania uhuru, akanyongwa pamoja na wenzake zaidi ya ishirini. Watu waliokuwa tayari kupigana kwa koleo, kwa hilo hawakuwa na haraka ya kushika chochote.

Sasa ya kwetu. Wiki iliyopita tumezika. Michango ilihesabiwa kwa kukumbuka, kwa sababu daftari halikuwepo. Mjane alipewa bahasha ambayo kiasi kilichoandikwa juu yake kimekatwa kalamu mara mbili, naye akaishika vile vile kwa mikono miwili, akashukuru. Niliona haya kuwa mtu mzima.

Wewe uliye na daftari, sikuombi umpongeze mtu. Hata salamu bakia nazo. Nanyi mlioshinda, msidai aombe radhi mbele ya kadamnasi. Mnataka daftari au mnataka goti? Adams na Jefferson hawakuandikiana tena mpaka Januari 1812, alipoanza Adams, na kuanzia hapo barua hazikukatika kwa miaka mingi, hadi karibu na kufa kwao, wote wawili siku moja, 4 Julai 1826. Kimya cha miaka kumi na moja! Mimi nina 78, sina muda wa kuwangojea hivyo.

Jumapili saa tisa alasiri nitakuwa ukumbini, kwenye ile meza ya karibu na mlango. Daftari liwekwe hapo. Atakayelileta anaweza kuondoka bila kusema neno, na nitahakikisha hakuna anayemfuata nje.

Babu yenu