Njoo Siku ya Kumi na Moja

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Siku ile ulipopiga simu nilikuwa bado nimefungwa pampu ya dawa, ndiyo maana sauti ilikuwa hafifu. Uliniuliza daktari amesema nimebakiwa na muda gani, kisha ukaomba radhi kabla sijajibu. Usiombe radhi. Wengine wote wananiuliza kama nimekula.

Daktari alinipa tarakimu: muda ambao nusu ya wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa kama yangu wanakuwa wametangulia. Miaka yote ya utafiti nimezihesabu tarakimu za namna hiyo kwa ajili ya watu wengine. Usiku ule nilimkumbuka Stephen Jay Gould, yule mtaalamu wa visukuku wa Marekani, aliyegundulika na saratani ya utando wa tumbo mwaka 1982. Alisoma kwamba nusu ya wagonjwa hufa ndani ya miezi 8, akajiuliza habari za nusu nyingine. Akaishi miaka 20, na alikuwa mwimbaji wa kwaya. Sijidanganyi, wanaofika mbali hivyo ni wachache. Ila tarakimu ile haisemi mimi nimo katika nusu ipi, na hilo ndilo jibu langu kwako.

Maisha yangu sasa yanakwenda kwa wiki mbili mbili. Dawa huingia kwa saa 46, kisha huja siku za kichefuchefu na uchovu usiotibika kwa usingizi. Oksaliplatini, mojawapo ya dawa zangu, nayo haipatani na baridi: nikigusa chuma kilichopoa vidole vinachoma kama nimeshika miiba, na maji ya baridi yananikaba koo. Kufikia siku ya kumi narudi kuwa mtu. Hapo nina siku nne zangu.

Mwezi Februari nilizitumia siku hizo nne kwenda Vienna. Daktari alipima chembe nyeupe za damu, akaridhika, akaniruhusu. Nilivaa glavu jozi mbili na kujifunga shali mdomoni, nikapanda tramu namba 71 hadi makaburini, alipolala Beethoven, mtunzi wa muziki, jirani yake Schubert, mtunzi mwenzake. Upepo haukuniacha nikae.

Lakini jioni! Walipiga kwarteti ya Beethoven, yaani muziki wa ala nne za nyuzi, ile ya A ndogo, kazi yake namba 132. Majira ya kuchipua ya mwaka 1825 aliugua sana, naye tumbo, na alipopata nafuu akaiandika sehemu ya tatu iwe wimbo wa mgonjwa aliyepona akimshukuru Mungu. Wakati huo alikuwa kiziwi. Fidla mbili, viola na chelo zinaanza taratibu mno, kama watu wanaoingia chumbani wakichelea kumwamsha aliyelala. Ghafla muziki unachangamka. Hapo aliandika maneno yenye maana ya "akihisi nguvu mpya".

Nimeisikiliza sehemu hii tangu tukiwa wanafunzi, unakumbuka, na siku zote niliichukulia kuwa wimbo wa ushindi. Safari hii nilihesabu. Nguvu inakuja mara mbili tu, na mara zote mbili inaondoka. Sala, yaani ile sehemu ya taratibu, inakuja mara tatu, na ya mwisho ni sala, safari hii sauti zote nne zikipokezana na kusukana, hata sikujua ipi ilianza. Nililia bila kujificha, na mama mmoja aliyekaa kando yangu akanishika mkono juu ya glavu.

Beethoven alifariki Machi 1827. Hata miaka miwili haikutimia, na shukrani alikuwa ameshaitoa.

Jumatatu naanza tena dripu. Ile makala yetu nimefika kwenye majedwali. Nitakuletea uyakague, macho yangu yanachoka upesi. Ukitaka kuja, usije wiki ya kwanza. Njoo siku ya kumi na moja, asubuhi. Nitakuwekea sehemu ile ya tatu, na tafadhali tusizungumze mpaka iishe.

Wako daima.