Risala ya Wapangaji na Wafanyabiashara wa Jengo Kongwe la Maduka, Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha wa shehia yetu,
Masheikh na wazee wetu,
Wenzetu wa maduka ya jirani,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha hapa barazani. Pili tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukakubali kuja kwetu. Tumearifiwa kwamba muda wako ni mfupi. Kwa sababu hiyo kamati imeondoa igizo na imepunguza nyimbo za watoto wa skuli, ili risala hii isomwe yote mpaka mwisho. Watoto tumewaomba radhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya jengo hili ni ndefu, ila tutaipita haraka. Ni katika yale majengo ya duka chini na maskani juu, mtindo waliokuja nao wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kachi na Gujarati wakati Unguja ilipokuwa bandari ya karafuu na pembe za ndovu, na tusifiche, ya biashara ya watumwa pia, mpaka soko lao lilipofungwa mwaka 1873. Mji huu ulipigwa na kimbunga mwaka 1872 ukasimama tena. Ukaletewa maji ya bomba na Sayyid Barghash, ukashuhudia Mapinduzi ya 1964, ukaundiwa mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985, na mwaka 2000 ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo yote unayajua, na wanaotembeza watalii wanayaeleza vizuri kuliko sisi, tena kwa lugha nne.

Lakini lipo jambo ambalo watembezaji hulipita, nalo ni jinsi jengo lenyewe lilivyojengwa. Tunaomba utuvumilie hapo kidogo, kwa sababu ombi letu lote linasimama juu yake.

Ukiingia duka lolote kati ya haya utaona kwamba vyumba vyake ni vyembamba na virefu, na upana wake unakaribiana kuanzia duka la kanga mpaka la fundi charahani. Hilo si ubakhili wa mwenye kujenga. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ikizidi hatua tatu au nne inaanza kulegea. Kwa hiyo mti ndio uliopanga upana wa chumba, na chumba kikapanga upana wa duka. Juu ya boriti yamelazwa mawe, na juu ya mawe ikapigwa sakafu ya chokaa, wakiipiga kwa magongo huku wakiimba mpaka ikashikana. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi kwamba mle ndani vimechongwa zidaka ambamo mpaka leo tunaweka daftari za madeni. Mbele kuna milango ya mbao za kukunja, inayofunguka ukuta mpaka ukuta ili bidhaa zote zionekane. Na chini yake ni baraza hii uliyokalia, ambayo mchana ni ya kuanika mali, jioni ya kahawa, na siku ya mvua kubwa ndiyo njia ya kupitia watu maana barabara inakuwa mto.

Mheshimiwa, ndani ya eneo la hekta 96 la urithi huu majengo ya namna hiyo ni mengi, na kila moja linaishi kwa sharti moja tu: maji yasikae ndani ya ukuta. Chokaa inapokea unyevu na kuutoa. Ikiachiwa ifanye kazi yake, ukuta unadumu vizazi na vizazi. Ikizuiliwa, tutakueleza yanayotokea.

Kabla ya hapo turuhusu tujivunie. Tangu kamati hii iundwe imepata mafanikio makubwa ambayo hatuna budi kuyataja mbele yako. Tumeutia mafuta ya taa na nta mlango mkubwa wa nakshi wa upande wa uchochoroni, na misumari yake ya shaba sasa inang'aa kiasi cha watalii kusimama na kupiga picha, jambo ambalo limeinua sana sura ya Zanzibar kimataifa. Tumeweka taa barazani. Tumeanzisha mfuko wa maendeleo, ambao unaendelea kupokea michango kila Ijumaa kutoka kwa wenye kukumbuka. Tumemweka kijana wetu mmoja kwa fundi mzee wa chokaa ajifunze kazi, na ameshajua kuloweka chokaa na kuichunga. Na kwa nguvu zetu wenyewe, bila ya mfadhili, tumenunua ngazi ndefu ya kufika juu ya paa. Ngazi hiyo, Mheshimiwa, ndiyo iliyotufungua macho.

Tulipopanda tuliona hivi. Paa la jengo hili si moja, ni mapaa mawili ya bati yaliyotazamana, na bonde lililo kati yao lina mfereji unaopaswa kubeba maji ya pande zote mbili. Mfereji huo umetoboka. Si tundu la msumari. Katikati, mahali ambapo mapaa yote mawili yanamwaga, mkono wa mtu mzima unapita mpaka kwenye kiwiko. Na chini ya tundu hilo hasa ndipo ulipo ukuta wa kati, ukuta unaobeba boriti za maduka ya kushoto na boriti za maduka ya kulia.

Kwa hiyo kila mvua inayonyesha, paa zima linajimwaga ndani ya ukuta mmoja. Udongo ulioko baina ya mawe unalowa na kushuka polepole. Vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vimeanza kuoza. Katika duka la fundi charahani tumebandua plasta kidogo tukachomeka bisibisi kwenye kichwa cha boriti, ikaingia mpaka kwenye mpini bila ya kusukumwa kwa nguvu. Ukuta wenyewe umetoa tumbo upande wa ndani. Fundi charahani ameshasogeza mashine yake mara kwa mara kulikimbia tone, na sasa ameishia mlangoni. Akisogezwa tena, atakuwa anashona barabarani.

Hapo nyuma ilifanyika jitihada, nasi hatukosi shukurani. Wakaja watu na mifuko ya saruji wakaupaka ule ukuta ukawa mweupe na mgumu. Walikusudia wema, lakini ilikuwa ni sawa na kumvisha mtu aliyelowa koti la mvua juu ya nguo mbichi. Maji yalikuwa yanaingia kwa juu, na saruji ikayafungia njia ya kutoka. Chumvi ikapanda, plasta ikabambuka kwa mapande, na kila pande lililoanguka liliondoka na jiwe lake. Tangu hapo ukuta umeharibika kwa kasi zaidi kuliko miaka yote ya kabla.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, unaweza kuuliza, na swali hilo ni la haki: kwa nini nyinyi wenyewe wafanyabiashara msizibe tundu? Jawabu ni kwamba tuliziba, kwa turubali na mawe, na upepo wa kusi ukalichukua turubali ukampelekea jirani. Kuziba kwa haki kunataka mfereji wote ufumuliwe, mbao zilizooza za paa zibadilishwe, na vichwa vya boriti vitibiwe au vipokewe kwa boriti mpya. Kazi hiyo inataka kibali, maana jengo ni la urithi, nasi kibali hatukipingi. Tulikiomba. Ofisi ya kwanza ikatuambia kwamba mwombaji lazima awe ni mwenye jengo, si mpangaji. Tukaenda ofisi ya pili, ya wenye jengo, ambao kodi tunawalipa kila mwezi na risiti tunazo. Wakatuambia kwamba jengo la urithi haliguswi mpaka ofisi ya kwanza iseme. Tukarudi. Watendaji wote walitupokea vizuri, wakatupa viti, wakatuambia suala letu limo katika mchakato. Hatuna malalamiko na mapokezi.

Wala wewe si mgeni rasmi wetu wa mwanzo, Mheshimiwa, na hili tunalisema kwa adabu. Waliokutangulia tuliwaandalia risala kama hii. Mmoja wao, Mungu ampe afya, aliguswa sana, akasimama hapo hapo ulipo na kutangaza kwamba mabati yatafika kabla ya mwezi kuandama. Miezi imeandama mingi. Mwengine alituwekea jiwe la ufunguzi wa matengenezo, na pazia likavutwa, na makofi yakapigwa. Jiwe hilo lipo kulia kwako, nyuma ya kanga zilizoning'inizwa. Hatukulificha kwa ubaya. Ni kwamba ile misumari yake ndiyo imara kuliko yote katika ukuta huu. Matengenezo yanayotajwa katika jiwe hayajaanza.

Tunayakumbusha haya si kwa kumlaumu mtu. Tunayakumbusha kwa sababu tarehe 25 Disemba 2020 mji wote ulisikia kishindo cha Beit al-Ajaib. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883, ndilo fahari ya mji, limo katika kila kadi na kila kalenda, na lilikuwa katika matengenezo siku hiyo hiyo lilipoanguka upande mmoja na kuua watu wawili. Ikiwa jumba la kifalme, lenye macho yote ya dunia juu yake, limefikia hapo, basi jengo la maduka lililojificha uchochoroni lina nani wa kulitazama? Hapa juu wanalala watoto. Hapa chini asubuhi wanapita wanafunzi, wachukuzi, wageni na mikoba yao. Ukuta ule ukishuka hautachagua saa.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Hatuombi rangi, Mheshimiwa, ingawa rangi inahitajika. Hatuombi vigae wala kamera wala bango jengine. Tunaomba mfereji wa paa ubadilishwe na ukuta wa kati uokolewe, kwa chokaa na boriti, si kwa saruji. Ili jambo hilo liwezekane, tunakuomba uziite ofisi zote mbili kwenye meza moja, mbele yako, na zisitoke mpaka mmoja wao atie saini ya kibali. Sisi kwa upande wetu tutatoa nguvu kazi. Kijana wetu na fundi wake wako tayari, maduka mawili yenye hatari zaidi yako tayari kufungwa kwa muda wa kazi bila ya kudai fidia, na fedha za mfuko wetu, ingawa hazitoshi, zote zitaingia humo.

Na tunakuomba uzingatie wakati. Chokaa si kitu cha kukimbizwa. Ikishachomwa inatakiwa ilowekwe, ikae, iive. Na ikishapakwa inataka kukauka taratibu, ikinyunyiziwa maji na kukingwa jua. Kazi ikianza wakati wa masika itasombwa. Dirisha letu ni kiangazi hiki, baina ya sasa na mvua za Machi. Likifungwa, tutakuwa tumeingia msimu mwengine mzima na tundu lile lile juu ya ukuta ule ule, ambao sasa umechoka zaidi.

Ndani ya bahasha ya kaki tutakayokukabidhi punde hivi mna makadirio ya fundi, picha za vichwa vya boriti, nakala za barua zetu zote zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala za risala mbili zilizotangulia. Utaona kwamba maneno ya ombi ni yale yale. Kamati haikuona haja ya kuyabadilisha kwa vile mfereji nao haujabadilishwa.

Mheshimiwa, tunafahamu kwamba utapenda kutujibu kwa hotuba, nasi tuna hamu ya kukusikiliza. Tunakuomba tu kwamba katika hotuba hiyo ututajie ofisa mmoja, kwa jina lake na namba yake ya simu, ambaye Jumatatu asubuhi katibu wetu atamfuata. Na kabla ya hotuba, ikiwa afya na mavazi yako yanaruhusu, ngazi imeshaegemezwa nyuma, vijana wameishika, na ni vidato vichache tu mpaka kwenye mfereji. Chakula kitasubiri.

Tunawasilisha.

Mapinduzi Daima!

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya wapangaji na wafanyabiashara