Kwa ndugu wa kiume mnaouza nyumba za wazee Lamu

Wanangu, assalamu alaykum.

Nawaandikia nyinyi ambao baba zenu wametangulia mbele ya haki, na nyumba zao za mawe za Mkomani na Langoni zimeshapata wanunuzi. Ninalotaka kusema ni haki ya dada zenu katika mirathi hiyo. Ningeweza kuyasema haya barazani, lakini barazani kila mtu hudhani anayesemwa ni mwenzake.

Tukisikia dhuluma tunamfikiria Firauni, au mkubwa fulani serikalini. Wanazuoni wanaeleza kuwa asili yake ni kuweka kitu pasipo mahali pake. Ndiyo maana Luqman, yule mwenye hekima anayetajwa katika Qur'ani, alimwambia mwanawe kwamba shirki ni dhuluma kubwa: ibada imepelekwa kwa asiyestahiki. Na Adam na Hawa walipokosea walisema, "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu." Hayo ni baina ya mja na Mola wake, na mlango wa toba u wazi madhali roho haijafika kooni. Inayonikosesha usingizi ni ile ya tatu, haki ya mtu. Hiyo haifutiki kwa istighfari peke yake. Mwenyewe arudishiwe, au asamehe kwa moyo wake. Hata shahidi, Mtume (S.A.W.) amesema, husamehewa yote isipokuwa deni.

Basi tuhesabu. Mzee ameacha mke, wavulana 2 na wasichana 3. Madeni na wasia vikishatolewa, mke ana thumuni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Zinabaki sehemu 7: kila mvulana 2, kila msichana 1. Nyumba ikiuzwa shilingi milioni 8, kila binti ana milioni 1, sawasawa na mama yake. Hiyo si bakshishi ya kaka. Imeandikwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, na aya ya 14 inamwahidi moto mwenye kuivuka mipaka hiyo.

Najua mnavyofanya kwa sababu nami nilifanya. Dada yangu tulimwita nyumbani alasiri moja, karatasi za kuachia fungu lake tayari ziko juu ya mkeka. Alikuwa na hina mbichi bado, ametoka arusini. Mimi ndiye niliyemshika kidole gumba nikakitia kwenye wino, nikakikandamiza pale chini ya jina lake. Akasema, "Mimi sina neno, kaka." Nikajiambia ameridhia. Hakuridhia. Alijua akidai tutanuna, na siku akiachika hatakuwa na mlango wa kubisha. Wanazuoni wana neno kwa mali kama ile: kilichochukuliwa kwa upanga wa haya, yaani kwa sababu mwenyewe ameona aibu kukataa, ni haramu.

Na miaka yote ile nilikuwa safu ya kwanza msikitini kila alfajiri. Mpaka siku moja darsani ikasomwa hadithi ya muflisi: mtu anayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule. Thawabu zake zinagawiwa mmoja mmoja hadi ziishe, kisha anabebeshwa dhambi zao. Nilitoka mle nikakaa dakani kwangu hadi magharibi.

Ushauri wangu ni huu. Msimuulize dada yenu kama amesamehe kabla hajapata chake. Mpeni kwanza, mkononi mwake, mama na shangazi wakishuhudia, kisha mwacheni aende zake. Akitaka kuwapa kitu, atawapa mwenyewe mwezi ujao au mwaka ujao. Mkibishana juu ya hesabu, Mahakama ya Kadhi ipo hapa hapa Lamu, na kumpeleka ndugu kwa kadhi si kuvunja udugu, hata watu waseme nini.

Mimi nilianza kumlipa dada yangu kidogo kidogo. Alifariki kabla sijamaliza. Salio nawapa wanawe kila mwisho wa mwezi, na bado halijaisha.