Sungura anakula kila kitu ila nyasi kavu: tumlaze kwa nusu kaputi akaguliwe magego?

Daktari wa safu ya mifugo, salaam.

Tunakuandikia kutoka Entebbe kuhusu Tunu, sungura jike wa miaka mitatu, chotara wa aina ya New Zealand mweupe, anayefugwa ndani ya nyumba. Uzito wake wa kawaida ni kilo 3.1. Sasa mizani ya jikoni inasoma kilo 2.86. Majani mabichi anakula, peleti (chakula cha vipande vidogo vilivyoshindiliwa) anakula, jioni anarukaruka kama kawaida, lakini nyasi kavu anazinusa tu na kuzipita. Unajua uzito wa jambo hilo kuliko sisi. Nyasi zinapaswa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mlo wa sungura, kwa kuwa meno yake yote 28 huota maisha yake yote na yanahitaji kusagana, na utumbo wake hauendi vizuri bila nyuzinyuzi ndefu za kuusukuma.

Tunaeleza yaliyokwisha kukaguliwa ili usipoteze nafasi yako kutushauri tubadilishe nyasi. Zimebadilishwa.

Hata hivyo nyasi ndizo zilizoshukiwa kwanza, na kwa haki. Miongozo ya Ulaya na Marekani inasisitiza timothi, ambayo hapa kwetu hailimwi. Zetu ni Rhodes na brachiaria zinazoshuka kwa marobota kutoka ukanda wa wafugaji wa ng'ombe, Nakasongola na Kiruhura. Mengi ya marobota hayo yamekatwa nyasi zikiwa zimeshatoa mbegu, kwa sababu mkulima anatafuta wingi, na ng'ombe halalamiki. Ukichimba mkono katikati ya robota unakuta mabua ya kahawia, magumu, yasiyo na harufu, na majani yaliyopukutika kuwa vumbi chini. Sungura huchagua jani kabla ya bua, kwa hiyo robota la namna hiyo, hata kama ni kubwa kiasi gani, kwake ni tandiko la kulalia. Halafu kuna unyevu wa ziwa. Robota likikaa juu ya sakafu ya saruji wakati wa mvua za Machi hadi Mei, linanyonya maji kutoka chini na kuota ukungu ndani huku nje likiwa safi. Ukungu ukishaingia, kuanika hakusaidii: harufu inaweza kuisha lakini sumu inabaki. Hilo linatupwa.

Nyasi anazopewa sasa zinakaushwa hapahapa. Rhodes inakatwa kabla haijachanua, umande ukishakauka, kwenye saa nne hivi asubuhi. Inatandazwa kwenye kichanja cha waya kilichoinuliwa kutoka ardhini, unene usiozidi upana wa kiganja, chini ya paa linalopitisha upepo. Jua kali la kutwa nzima huifanya iwe nyeupe na kuiondolea harufu, ndiyo maana tunaianika juani saa chache tu za mwanzo. Inageuzwa asubuhi na jioni. Siku ya tatu, kukiwa hakuna mvua, unachukua fundo la nyasi na kulisokota kwa mikono miwili: likikatika bila kuacha unyevu kwenye viganja, limekauka. Likijipinda tu bila kukatika, litaota ukungu. Zilizokauka zinahifadhiwa kwenye gunia la katani lililoning'inizwa. Kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, nyasi hutoa jasho na kuharibika. Zinazotoka hapo ni za kijani, zina majani, na zinanukia. Tunu anachagua ncha za majani machache, basi.

Maji nayo yalikaguliwa, kwa sababu sungura asiyekunywa vya kutosha huacha kwanza chakula kikavu. Chupa yenye kijipira mdomoni iliondolewa, kwani kijipira huganda na mtu asijue. Sasa ana bakuli zito la udongo, na kwa kipimo cha jagi anakunywa kati ya mililita 200 na 250 kwa siku, jambo linalotosha kwa uzito wake ukizingatia majani mabichi anayokula.

Kisha peleti. Kabla hajafika kwetu alilelewa kwa bakuli lisiloisha la peleti, pamoja na maganda ya matooke na pumba za mahindi. Peleti nyingi zinazouzwa hapa zimekusudiwa sungura wa nyama, anenepe haraka auzwe. Kwa sungura wa kufugwa miaka minane zinashibisha kabla nyasi hazijaguswa. Kipimo kinachotajwa sana ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito. Tumeshuka taratibu, gramu 10 kila baada ya siku nne au tano, tukimpima asubuhi kabla ya kula, hadi kufikia gramu 60 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Maganda na pumba vimekwisha kabisa.

Na hapa ndipo tuliposhtuka. Sungura aliyedekezwa na peleti, ukimpunguzia, huja mbio akisikia kopo likitikiswa, na njaa ikimzidi hurudi kwenye nyasi. Tunu amepunguziwa peleti na sasa anazila polepole zaidi kuliko zamani. Anachukua moja, anaisogeza upande wa kushoto wa kinywa, anatafuna kidogo, chembe zinaanguka. Akipewa bua la nyasi analipokea, analikata vizuri kwa meno ya mbele, anaanza kulivuta ndani, kisha anasimama, anatikisa kichwa na kulitema likiwa limelowa nusu. Manyoya ya chini ya kidevu yana unyevu asubuhi, na jicho la kulia linatoa machozi mepesi. Majani mabichi ya matete anakula ubapa wake na kuacha uti wa katikati. Kwa macho yetu huyo si mnyama anayekataa nyasi kwa kudeka. Anazitaka, zinamuuma.

Kinyesi kinasema hivyohivyo. Zamani gololi zake zilikuwa za ukubwa mmoja, kama milimita kumi, za rangi ya majani makavu, na ukizivunja unaona nyuzi. Sasa ni ndogo, nyeusi, hazilingani, na nyingine zimeunganishwa na manyoya. Kile kinyesi laini cha usiku ambacho sungura hukila tena moja kwa moja kutoka mkunduni, asubuhi tunakikuta kimebaki sakafuni, dalili ya nyuzinyuzi kupungua au ya mnyama anayeona tabu kujikunja.

Daktari wa mifugo aliyemwona alimkagua akiwa macho, kwa kifaa cha kuangalia masikio kilichopitishwa kando ya kinywa. Alisema meno ya mbele yamekutana sawasawa na magego yanaonekana mazuri. Hatumlaumu, ila tunajua kinywa cha sungura ni chembamba na kirefu, mashavu yanaziba, ulimi haukai kimya, na magego ya nyuma kabisa ni vigumu kuyaona bila kumlaza. Ncha kali zikiota, za magego ya chini huelekea ndani na kukata ulimi, za juu huelekea nje na kukata shavu; kidonda kidogo tu kinatosha kumfanya mnyama ale laini na kuacha gumu. Mizizi nayo ikirefuka kuelekea juu hubana mfereji wa machozi, na ndiyo maana lile jicho la kulia linatukosesha usingizi.

Kwenye duka moja la dawa za mifugo tulishauriwa tumpe amoksisilini ya kunywa "ya kujaribu". Tulikataa, na wasomaji wengine waisikie hii: penisilini za kunywa, na dawa kama linkomaisini na klindamaisini, huua vijidudu vyema kwenye utumbo wa sungura, vibaya vikatawala, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara. Tulishauriwa pia tuyakate magego kwa koleo. Hata meno ya mbele hayakatwi kwa koleo la kucha, kwani hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi.

Kwa sasa tunamshikilia kwa majani mabichi marefu: ukoka, matete machanga, kishona nguo ambayo Waganda huiita ssere, majani ya viazi vitamu kidogo, na dania kama kivutio. Nyasi ni zile za mbali na barabara na zisizonyunyiziwa dawa. Za ukingoni mwa ziwa hatuzigusi kwa ajili ya konokono na minyoo ya ini. Hazirundikwi hata saa moja, maana rundo bichi hupata joto na kuchacha, na gesi tumboni mwa sungura si mchezo. Nyasi kavu zinabaki kwenye susu lililopo juu ya sanduku lake la choo, kwa kuwa sungura hupenda kutafuna akiwa anajisaidia, na zinabadilishwa asubuhi na jioni hata kama hazijaguswa. Akikaa saa 12 bila kula chochote tunajua hiyo ni dharura, si ya kungoja kesho. Peleti za kusaga na kuloweka kwa maji ya uvuguvugu ziko tayari, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano, ingawa tumbo likiwa gumu na limevimba hatutamlisha kwa nguvu kabla hajaonwa.

Maswali yetu, Daktari. La kwanza ndilo zito: kwa dalili hizi, je, ungemlaza kwa nusu kaputi sasa ili magego yakaguliwe na kusagwa, au ungeanza na picha ya eksirei ya kichwa kuona mizizi? Amepungua karibu asilimia 8 ya uzito, na tunaogopa kungoja hadi awe dhaifu kiasi cha kutostahimili dawa ya usingizi. Tunaogopa vilevile kumlaza bure. Wengine wanapendekeza kwanza apewe meloksikamu, dawa ya maumivu, kwa siku chache chini ya uangalizi wa daktari: akirudi kwenye nyasi, basi ni maumivu. Je, jaribio hilo unaliamini, au maumivu ya meno yanaweza kuwepo na asirudi hata akipewa dawa? Na figo zake zipimwe kabla, hasa akiwa anakula kidogo?

Tunauliza pia kuhusu maandalizi. Kliniki moja ilituambia asile tangu usiku, kama mbwa. Tunavyojua, sungura hawezi kutapika, na utumbo mtupu ndio hatari kwake. Tungependa utuandikie wazi mambo ya kuuliza kliniki kabla ya kumkabidhi: dawa wanayotumia, gesi ya usingizi ya isofureni kama ipo, namna ya kumpasha joto, dawa ya maumivu ya baadaye, na saa ngapi baada ya kuamka anapaswa awe amekula. Ukijua kama hospitali ya mifugo ya Makerere hupokea sungura kwa kazi ya meno, tuambie. Kutoka Entebbe ni safari inayowezekana, ili mradi tusiende kuambulia kutazamwa meno ya mbele tena.

La mwisho: ikithibitika kuwa ni magego na yakasagwa, je, majani mabichi marefu peke yake yanatosha kuyasaga baada ya hapo, au bila nyasi kavu tutarudi kwenye meza ya nusu kaputi kila baada ya miezi michache?

Ni sisi wasomaji wako,
Entebbe